Kamio ya Wadachi kwenye Kona ya Shasha

Nyamitaba, tarehe 6 Februari 1955

Mujomba Floribert,

"Chombo kinachukua moyo wa muntu aliyekitengeneza. Kamio ya Wadachi iko na moyo wa Wadachi, na haitabeba mafuta yangu hata siku moja." Haya njo maneno uliyomutuma Evode atuletee. Aliyasema mbele ya koperative yetu nzima ya wakulima, amesimama wima kama padri siku ya Pasaka. Nimeyaweka mbele ya salamu ili ujue yamenikwama kooni. Sasa nameza mate, nakusalimu.

Salamu kwako na kwa muke wako, Mama Colette. Huku tuko wazima. Mama yangu Constance, dada yako, amepona kikohozi na ameanza tena kutugombeza, njo tunajua kweli amepona. Valérie muke wangu anawasalimu. Mvua inanyesha vizuri, maharagi yamefunika vilima, na hapo njo shida yetu inapoanza.

Unaijua shida hiyo. Katika vilima vyetu kuna muchuuzi mumoja tu mwenye kamio ya kubeba mizigo. Akitaka anakuja, asipotaka anakaa kwake, na sisi tunabaki na magunia. Musimu uliopita maharagi ya Mama Béata yaliota mizizi ndani ya gunia. Nilimuona akiyamwaga shimoni. Ninyi Walikale muna mafuta ya ngazi, mawese yenu, na mupunga, na munangoja muchuuzi yule yule. Kamio yetu wenyewe ingeshuka na mizigo yenu na yetu mupaka ziwani, na ingerudi na chumvi na samaki. Lakini peke yetu hatuwezi kuinunua. Na watu wa Walikale hawatii sahihi ya kuinunua pamoja nasi mupaka waone sahihi yako.

Sasa Muzungu mumoja wa Bweremana anarudi Ulaya. Anauza kamio mbili: moja ya Wamerikani, moja ya Wadachi, iliyotoka Ujerumani. Unafikiri tuliuliza nini? Tuliuliza kama zina nguvu? Hapana! Munyakazi, mwenzetu wa koperative, anataka ya Wamerikani kwa sababu Wamerikani walishinda vita, na yeye aliwaona katika sinema. Evode hataki hata moja, anasema tungoje ya Wabeleji, serikali itafurahi. Kamio ya kufurahisha serikali! Mimi nataka kamio ya kufurahisha maharagi.

Na juu ya hao wawili, wewe. Mujomba, nakuuliza swali la muwindaji. Mbwa wako Mukaidi alitoka wapi? Alitoka ng'ambo ya muto Lowa, kwa watu waliogombana nasi juu ya pori la kuwinda tangu kabla sijazaliwa. Ulimuuliza kabila lake? Ulimupeleka porini, ukaona anakamata, ukamuchukua. Leo iko na kengele ya muti shingoni, na ukimusifu, muke wako anaona wivu. Ulichomufanyia mbwa, ufanyie kamio.

Naomba sahihi yako.

Mupwa wako,
Athanase


Walikale, tarehe 20 Machi 1955

Mupwa wangu Athanase,

Naanza na salamu kwa sababu nililelewa. Salamu kwako, kwa Valérie, na kwa dada yangu Constance. Mumwambie ale vizuri, aache kupigana na watu kwa tumbo tupu. Barua yako ilichelewa, daraja lilikwenda na maji. Huku mujukuu wetu Joséphine-Marie amepata Kipaimara, alivaa kitambaa cheupe, mama yake alilia mupaka Padri akakohoa. Nguruwe wa porini wameharibu mihogo. Tumeua wawili. Mukaidi aliongoza.

Kwa kuwa umemutaja Mukaidi, nakujibu juu yake. Umesoma vitabu vingi na magazeti ya zamani, lakini juu ya mbwa wewe ni mutoto. Mbwa anazaliwa, hatengenezwi. Tena unajua desturi ya nyumba yetu: mbwa mugeni hafungwi kengele mupaka amekula kwa mukono wa mwenye nyumba. Mukaidi alikuja hapa akiwa adui. Alikataa nyama nikaiweka tena, alikataa nikaiweka tena, mupaka akaichukua mukononi mwangu. Hapo njo nilimufunga kengele, na tangu hapo si wa ng'ambo ya Lowa, ni wa kwangu. Kamio yenu itakula nini mukononi mwangu, Athanase? Nijibu, wewe musomi.

Sina neno na Munyakazi wala Evode. Wao wanachagua nchi kama wanawake wanaochagua kitambaa sokoni. Mimi niko na sababu moja tu ya kukataa Wadachi, na sababu hiyo siiandiki.

Usiniandikie tena juu ya kamio. Niandikie juu ya dada yangu.

Floribert


Nyamitaba, tarehe 2 Mei 1955

Mujomba,

Nakuandikia juu ya dada yako kama ulivyoamuru. Iko muzima. Amesema ninyi wawindaji munaharibu nyama kwa kuichoma sana. Amekutumia kitambaa cha kichwa kwa Joséphine-Marie. Basi, nimetii. Sasa nitaasi.

Tumejaribu kamio zote mbili! Muzungu wa Bweremana alikubali tuzijaribu na mizigo, kwenye kipandio cha Shasha. Unakijua kipandio kile? Njia inatoka ziwani, inapanda, halafu pale juu inajikunja ghafula kama kiwiko cha mukono, mulima ubavuni huku, maji chini kule. Tulikwenda watu wote wa koperative. Wavuvi wa Shasha waliacha nyavu zao, wakaketi juu ya mawe kutazama.

Ya Wamerikani ilianza. Moteri yake inanguruma kama ng'ombe dume, na Munyakazi alikuwa anaruka pembeni: "Munaona? Munaona baba yenu?" Lakini kwenye kona, mwili wake ni murefu. Ilibidi irudi nyuma kidogo, isogee mbele, irudi tena, na vijana wanaweka mawe nyuma ya mapine ili isiingie ziwani. Muvuvi mumoja akapaaza sauti: "Munyakazi, mwambie baba yetu aombe njia kwa samaki!" Watu walicheka mupaka wakakaa chini.

Kisha ya Wadachi. Ni mufupi, ina sura mbaya, rangi imetoka. Shoferi wetu Gustave aliishika, akapanda taratibu, akafika kwenye kona ya Shasha, akaikunja mara moja tu, ikapita. Na magunia yote juu! Tulipiga kelele zikasikika mupaka ng'ambo. Mimi mwenyewe nilirusha kofia, haijapatikana.

Usiseme nimewasifu Wadachi. Ingekuwa njia ndefu iliyonyooka, ya Wamerikani ingetuacha kwa mbali. Lakini sisi hatuna njia iliyonyooka, tuna Shasha. Kilichochagua ni mulima.

Na juu ya moyo wa chombo, nimekupata, Mujomba. Mapine ya kamio ni ya mupira. Wakati wa vita ya pili, nani aliyeingizwa porini kwa nguvu kukamua mupira? Watu wa Walikale, na wewe ulikuwa kati yao, ulirudi na majipu miguuni. Bati iliyounga chuma chake inatoka katika mawe meusi kama yale yanayochimbwa kwenu. Kama moyo unapita katika mukono, wako umo mule ndani tangu zamani. Unakataa kazi yako mwenyewe.

Uliuliza itakula nini. Itakula njia! Muzungu atatungoja mupaka Noeli, hatapita hapo. Tia sahihi, Mujomba, na siku ya kwanza nitakupandisha mbele kupita Shasha kama mufalme.

Athanase


Walikale, tarehe 14 Agosti 1955

Athanase,

Tuko wazima.

Umetaja Shasha katika barua ile mara nyingi kuliko Mukristo anavyotaja jina la Yesu. Umeandika juu ya kona ile kama muntu anayeandika juu ya uwanja wa mupira. Kofia, wavuvi, kucheka.

Muulize mama yako kuna nini pale. Usiniandikie mupaka amekujibu.

Floribert


Nyamitaba, tarehe 3 Septemba 1955

Mujomba wangu,

Amenijibu.

Nilimukuta nje anapepeta maharagi. Nikasema: "Mama, kuna nini Shasha?" Ungo ulisimama.

"Nani amekutajia?"

"Kaka yako."

"Floribert? Ametaja Shasha kwa kinywa chake?"

"Ameandika."

"Basi amezeeka," akasema. Akaweka ungo chini.

Aliniambia kwamba katika vita ya kwanza, mimi nikiwa mutoto mugongoni, walikuja kuchukua wanaume wa Walikale wawe wabebaji. Walimuchukua Bitasimwa, baba yenu, babu yangu ambaye mimi namujua kwa jina tu. Alibebeshwa sanduku la risasi toka pori lenu mupaka ziwani, kwenda kupigana na Wadachi. Mwenzake mumoja tu alirudi kijijini, na habari yake ilikuwa fupi: Bitasimwa alianguka juu ya Shasha, pale njia inapojikunja. Hakuzikwa. Ninyi hamukumuona tena. Na wewe, Mujomba, tangu siku ile hujakanyaga njia ya ziwa.

Mimi nilirusha kofia mahali babu yangu alipoanguka. Kwa kelele zile nakuomba radhi, nimepiga magoti.

Kwa hoja yangu siombi radhi. Kinyume, leo ina nguvu kuliko jana, na utanisikiliza mupaka mwisho hata ukitaka kunipiga.

Nilimuuliza Mama: "Alipigwa risasi?" Akanitazama kama mupumbavu. "Risasi gani? Wadachi walikuwa mbali. Alianguka chini ya sanduku." "Na alipoanguka?" "Walichukua sanduku, wakamubebesha mwingine." "Na yeye?" "Nimekwisha kukuambia. Walichukua sanduku."

Sasa, Mujomba, fikiri. Sanduku lile lilikuwa la nani? Nani alihesabu wanaume wa Walikale kama mbuzi? Fimbo ilikuwa mukononi mwa nani? Mama alitaja. Mimi siandiki, kwa sababu barua hii inapita posta, na mule posta kuna watu wenye hamu ya kusoma. Lakini nauliza: kama ni lazima tukatae nchi moja kwa ajili ya Bitasimwa, tungekataa nchi gani? Evode anataka tungoje kamio ya nani?

Unaona kwa nini nalipiga vita jambo hili la nchi ya gari? Ukiulizia nchi, chuma kinapewa kosa la muntu, na muntu aliyekosa anapita salama, tena amevaa kofia nyeupe, tena anasalimiwa.

Babu alikufa kwa sababu mulima ule ulipandwa kwa shingo ya muntu. Leo kuna kitu kinachoweza kuupanda bila shingo ya muntu. Kimetengenezwa na Mudachi, ao na shetani, ao na mutakatifu, sijali!

Sikulazimishi. Sahihi si kitu tena. Njoo tu. Tukutane kwa mama yangu, halafu tushuke pamoja. Ukifika pale ukasema hapana, nitakubali hapana yako mbele ya koperative nzima, na sitaongeza neno. Unajua hayo ni matoleo makubwa kwa muntu kama mimi.

Mupwa wako,
Athanase


Walikale, tarehe 8 Januari 1956

Kwa Athanase, aisome kwa sauti mbele ya koperative ya Nyamitaba

"Chombo kinachukua moyo wa muntu aliyekitengeneza." Maneno haya ni yangu, na muntu wa kuyavunja ni mimi. Nimemunyang'anya Athanase kazi hiyo. Avumilie.

Kwanza salamu. Heri ya mwaka mupya kwenu wote, kwa dada yangu Constance, kwa Valérie, na kwa Mama Béata. Huku tuko wazima kabisa, hata waliokufa. Barua hii haipiti posta. Inakuja na Gustave katika kamio yenu, kwa hiyo nitaandika wazi.

Athanase, siku ile ya Desemba tulipokwenda Shasha, wewe ulikuwa nyuma juu ya magunia, hukusikia yaliyosemwa mbele. Nakueleza sasa. Nilikuja kwa mama yako kwa miguu, bila kujibu barua, kwa sababu sikujua kama nitafika ao nitarudia njiani. Ni Constance aliyenisukuma. Alisema: "Shuka, ao niende mimi mwanamuke, uaibike."

Ninyi wa vilimani labda hamujui desturi yetu. Kwetu, aliyekufa njiani anafuatwa na mutoto wake. Anaitwa kwa jina, linachukuliwa jiwe pale alipoanguka, na jiwe linarudishwa nyumbani likibebwa juu, lisiguse chini. Padri wetu anajua. Anakohoa tu. Watu wamenisema miaka mingi: Floribert amemuacha baba yake njiani. Sikumuacha. Nilishindwa na jambo moja. Kutoka Shasha mupaka Walikale ni safari kubwa, na jiwe lile lingewekwa juu ya kichwa cha muntu, na baada yake kichwa cha mwingine. Baba yangu alikufa chini ya muzigo. Ningewezaje kumufanya yeye mwenyewe muzigo juu ya shingo ya mutoto wa muntu? Niliona ni heri angoje. Hiyo njo sababu ambayo sikutaka kuiandika.

Nilipofika pale kwenye kona, Gustave alizima moteri. Niliita jina. Niliokota jiwe. Gustave, ambaye mumemuambia kila kitu isipokuwa hicho, akaniuliza kwa heshima:

"Papa, hiyo jiwe tuitie nyuma?"

"Nyuma kuko magunia," nikasema. "Baba yangu si gunia."

Akavua kofia. "Mm. Basi akae hapa mbele, kati yetu. Nitaendesha polepole."

"Usiende polepole! Polepole alikwisha kwenda vya kutosha."

Akacheka, halafu akaona machozi yangu, akaacha kucheka. Akawasha moteri, akaikunja kona ile mara moja, tukapanda. Na mimi, moteri ilipokuwa inapiga kelele nyingi, nilimujibu Athanase swali lake: tungekataa nchi gani. Nilijibu kwa sauti, nikimuambia baba yangu, asikie yeye peke yake. Leo narudilia musikie wote: Wadachi hawakumuua Bitasimwa. Waliomuua ni Wabeleji waliomubebesha, na hao tunawabebea mupaka leo tukiwaita wakubwa. Miaka yote hii nilitazama upande usiofaa.

Baada ya kukuacha Nyamitaba, Athanase, tulilala Masisi, asubuhi tukaingia pori. Nakuambia, sijaona jambo kama lile! Kamio ilipofika Walikale watu walitoka hata waliokuwa na homa. Colette alipokea jiwe mikononi, akalibeba mupaka nyuma ya nyumba, tukalizika karibu na mama yetu, na wanawake wakapiga vigelegele mupaka wafungwa wakasikia gerezani. Wazee wale walionisema walikuja kunishika mukono mumoja mumoja. Mumoja akauliza: "Gari hii ni ya nchi gani, Floribert?" Nikamuambia: "Ni ya hapa."

Nasema ni ya hapa kwa sababu imekula mukononi mwangu. Nilichukua mafuta ya ngazi niliyokamua mwenyewe, nikaipaka puani kwa kiganja, pale mbele ambapo chuma kina moto. Gustave alipiga kelele: "Papa, utaharibu rangi!" Rangi gani? Halafu nikaenda kuleta kengele ya muti, ya zamani, ya mbwa aliyemutangulia Mukaidi, nikaifunga mbele. Mukaidi alibweka nusu siku kwa wivu. Sasa kamio yenu ikija, mutaisikia kabla ya kuiona, kama mbwa anayerudi na nyama.

Kabla ya Noeli Muzungu aliwauzia kamio kwa neno langu la kinywa; sasa sahihi yangu iko chini. Za watu wa Walikale ziko nyuma ya karatasi, nafasi haikutosha, wengine wametia kidole.

Sasa nageuka kwenu. Munyakazi, Evode, na wewe Athanase usijifiche nyuma yao: Gustave ameniambia kwamba munaanza kugombania nchi ya kamio ya pili. Musinichekeshe. Ipelekeni Shasha na muzigo kamili. Ikishindwa na kona, iacheni, hata kama imetengenezwa mbinguni. Evode, kengele ile usiitoe kwa sababu serikali itacheka. Iache icheke.

Na jambo la mwisho nawadai, silo ombi. Akija muntu, Shefu ao Muzungu, akaamuru muzigo wake uwekwe juu ya kichwa cha muntu katika njia ambayo kamio inapita, mukatae. Mukatae kwa sauti, mukitaja jina la Bitasimwa. Muliomba sahihi yangu mwaka muzima, nimewapa. Sasa tieni zenu chini ya neno hili, ninyi wote, na Gustave anirudishie karatasi kabla maharagi mapya hayajapakiwa.

Floribert, mwana wa Bitasimwa